Zimwi Aliyekaa Kitako

Habari hizi za nchi ya Vidatoni zilitoka kinywani mwa Bi Zamda Mshangama, mwanamke aliyefundisha watu wazima kusoma mpaka akastaafu, na ambaye hana desturi ya kutia chumvi hata kwenye mchuzi. Mwenye kuzitilia shaka aende mwenyewe akaone. Jinsi alivyofika huko haituhusu. Alifika, miguu imemvimba, akapokewa vizuri.

Vidatoni ni mji uliojengwa ubavuni mwa mlima, nyumba juu ya nyumba, na kati ya nyumba ni ngazi tupu. Watu wote wa huko ni wachawi. Neno hilo kwao halina ubaya lilio nao kwetu. Mtu hukwambia yeye ni mchawi wa kidato cha pili kama vile kwetu mtu asemavyo ni seremala. Kila mmoja ana karama zake. Huyu huwasha moto kwa kiganja, yule huzungumza na nyuki, mwingine hupita ukutani bila kufungua mlango, jambo ambalo majirani zake hawalipendi. Karama ikishatumika hulala, na haiamki mpaka mwenyewe naye alale.

Bi Zamda, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufundisha, aliwauliza wenyeji swali dogo: wewe karama yako uliipataje, ulianzaje? Wote walimtazama kwa huruma na kumjibu jibu moja.

"Nililala."

Ikabidi aelezwe pole pole, kama mtoto. Karama haifundishwi wala haitafutwi. Mtu hupanda kidato kwa kumwangusha zimwi wa serikali. Usiku ule akilala, karama mpya humwingia kamili, na asubuhi anaitumia bila kukosea. Haijalishi ni karama ya namna gani. Mkunga anayetaka kupunguza uchungu wa uzazi lazima amwangushe zimwi. Anayetaka kuimbia maharage yaote lazima amwangushe zimwi. Bi Zamda aliuliza zimwi na maharage vinahusiana nini, akaambiwa kwamba huo ndio uzoefu.

Wachawi hao wamegawanyika katika nyumba tatu, na hawapatani. Watu wa Nyaraka wanasema karama ni haki ya wanaonakili maandishi ya kale. Watu wa Nasaba wanasema iko damuni, na asiyekuwa nayo babu yake asijisumbue. Watu wa Mdhamini wanasema hutoka kwa mkubwa mmoja akaaye gizani chini ya mlima, ambaye hakuna aliyemwona, ila kila mmoja wao anamfahamu mtu anayemfahamu. Nyumba hizi hazioani, na hata salamu hupeana kwa kubana midomo. Lakini siku ya shimo ikifika, zote tatu hupanga foleni moja kwa zimwi yule yule.

Zimwi mwenyewe anaitwa Ngurumo. Zamani alikuwa tishio kweli kweli, akila ng'ombe na pembe zake. Alipokamatwa alitiwa shimoni, akapewa blanketi na uji wa mtama. Mwanzoni wachawi walimwendea kwa mikuki, baadaye kwa fimbo. Kisha wakubwa wakalalamika kwamba mikono inawauma, sheria ikalegezwa, na sasa mtu humsukuma tu kifuani kwa kiganja. Ngurumo huanguka kwa adabu, akiguna inavyotakiwa. Wa vidato vya juu kabisa hutuma mwakilishi.

Bi Zamda alipangishwa kwa Siwatu, mjane wa makamo aliyeishi na baba mkwe wake, Mzee Shekue. Siwatu alikuwa na karama ya moto. Kila asubuhi aliweka kiganja kwenye tanuri la mkate la mji mzima, likawaka, na kwa kazi hiyo wakala wawili hao. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno, lakini Bi Zamda aliona upesi kwamba hakuwa akilala vizuri. Sababu ilikuwa maji.

Vidatoni hakuna kisima wala mto. Maji yako chini kabisa ya korongo lililoupasua mlima, mahali ambapo kamba hazijapata kufika. Kila siku Mzee Shekue alisimama ukingoni akayaita, yakapanda mwamba kama maziwa yanayofurika sufuriani, yakajaza birika la mji. Yeye tu ndiye aliyekuwa na karama hiyo. Wengine waliofika kidato chake waliruhusiwa kuichagua, wakachagua kupita ukutani. Na sasa mzee alikuwa akichoka. Maji yalifika nusu ya birika yakarudi, wiki iliyofuata robo. Kila mtu aliliona hilo, na hakuna aliyelisema, kwa kuwa si heshima.

"Nimebakiza kidato kimoja tu, mama," Siwatu alimwambia Bi Zamda. "Siku ya shimo nikimwangusha Ngurumo, nalala, naamka na karama ya maji. Baba anapumzika, mji unakunywa."

"Na usipomwangusha?"

Siwatu alicheka. "Hakuna ambaye hajamwangusha Ngurumo. Hata waliokwenda na mafua walimwangusha."

Siku hiyo ilipofika, Siwatu alijipaka mafuta, akajifunga kanga mpya, akashuka shimoni mji mzima ukitazama. Aliweka kiganja kwenye kifua cha zimwi. Ngurumo alimtazama kwa macho mekundu yaliyojaa usingizi.

"Samahani, bibi," akasema. "Leo nimechoka." Kisha akakaa kitako.

Siwatu alisukuma, lakini aliyekwisha kaa hana pa kuangukia. Alisukuma tena kwa mikono miwili, akateleza yeye. Juu watu walianza kunong'ona.

"Nimeangushwa tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi," Ngurumo alisema, bila hasira. "Nyie mkilala mnaamka na karama. Mimi nikilala naamka na mgongo. Sikuzuieni kuja. Ila nimekaa."

Baraza la Vidato lilikutana papo hapo, chini ya uenyekiti wa Bwana Kivugo, Msimamizi wa Vidato. Bwana Kivugo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa nadhifu, mpole wa sauti, na aliamini kwa dhati kwamba sheria moja ikilegea nyingine zote zitaporomoka mpaka bondeni. Mgeni akaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza.

Mtu wa Nyaraka alisema kukaa ni kuanguka kulikoishia njiani, kwa hiyo Siwatu apewe nusu ya karama, awe anaita maji yakifika katikati ya mwamba. Mtu wa Nasaba alitaka atafutwe mtoto wa Ngurumo, kwa kuwa damu ya zimwi huwa ni ya zimwi; ikakumbukwa kwamba Ngurumo hajapata kutolewa shimoni aoe. Watu wa Mdhamini waliomba muda wamuulize mkubwa wao. Waliuliza, hawakujibiwa kitu, wakarudi kulitangazia baraza kwamba mkubwa amekubali. Alipoulizwa amekubali lipi, mzungumzaji wao alikaa.

Ndipo sauti moja ikauliza sheria inasemaje hasa juu ya zimwi. Bwana Kivugo alisoma kwa moyo: zimwi ni kiumbe asiyejulikana alikotoka, mwenye lafudhi ya ajabu, anayekula chakula cha wenyeji. Baraza zima likageuka kumtazama Bi Zamda.

Bi Zamda anakiri kwamba aliogopa. Lakini alikuwa amesimama mbele ya madarasa mengi, akasimama na mbele ya hili.

"Sina kinyongo kuangushwa," akasema, "ila nina goti bovu. Mtaniangusha mara moja tu, na foleni yenu ni ndefu."

Wakaliona hilo lina maana. Suala la goti likapelekwa kwenye kamati ndogo, na baraza likaahirishwa.

Asubuhi yake Mzee Shekue aliita maji, na mwamba ukatoka jasho tu. Waliokuja na ndoo walirudi nazo. Tanuri halikuwashwa, kwani hapakuwa na maji ya kukandia unga. Kwenye ngazi za chini watu walianza kufunga mizigo, polepole, kama wasiotaka kuonekana. Siwatu alikaa jikoni mikono mapajani. Alikuwa amezaliwa mjini pale, amemzika mumewe pale, na hakujua mji mwingine ulikuwa upande gani.

"Mwanangu," Bi Zamda akamwambia, "hayo maji umewahi kujaribu kuyaita?"

Siwatu alitupia jicho mlangoni. "Mama, maneno kama hayo hatuyasemi mbele ya mkwe."

"Mwache," akasema Mzee Shekue kutoka kitandani. "Mimi na umri wangu huu siaibiki tena."

Siwatu akaeleza kwa sauti ya chini. Kujaribu karama ambayo hujapewa kunaitwa kuiba kidato. Anayekamatwa hunyang'anywa hata karama alizo nazo. Yuko mwanamume mmoja kule ngazi za chini aliyekuwa akizungumza na nyuki. Alionekana akijaribu kuzungumza na njiwa, akanyang'anywa nyuki.

"Na karama huondoka kweli?"

"Huondoka kweli. Hakuna aliyewahi kuitumia tena."

"Hakuna aliyewahi kuitumia," Bi Zamda akauliza, "au hakuna aliyewahi kujaribu?"

Siwatu alisogeza kigoda karibu.

Bi Zamda akamsimulia habari za mchinjaji mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, jitu la mabega, aliyeshika penseli kama kisu akaandika herufi yake ya kwanza na kuifunika kwa kiganja. Ilikuwa imekaa kama kiazi kilichooza. Wiki nzima alifunika. Siku aliyoinua mkono, jirani yake aliangalia, akacheka, kisha akafunua ya kwake, na ya kwake ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia siku ile darasa likaenda. Bi Zamda hakujua kitu juu ya uchawi na hakujifanya anajua. Alijua tu kwamba mtu mzima haogopi ugumu wa jambo. Anaogopa kuonekana akilikosea.

"Baba," Siwatu akasema, akigeukia kitandani, "wewe unayaitaje?"

"Wallahi sijui, binti yangu. Nafungua tu mdomo. Sijaulizwa hata siku moja."

"Basi fungua taratibu, nikutazame."

Mzee akaamshwa, akasimamishwa katikati ya jikoni, akaita maji yasiyokuwapo. Wote watatu wakagundua mambo pamoja, mwenyewe akishangaa kuliko wao. Alikuwa akikunja magoti kidogo. Sauti ilitoka tumboni, shingo haikukaza. Na hakuita kama anayeomba; aliita kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo ndani. Siwatu alimwiga, akatoa sauti iliyomchekesha mkwewe mpaka akashika ukuta. Siwatu naye akacheka, huku machozi yakimlengalenga, akachukua kanga yake ya kila siku, akatoka kwenda korongoni mchana kweupe.

Habari za aibu hazihitaji miguu. Kabla hajafika ukingoni nusu ya mji ilikuwa nyuma yake. Siwatu alikunja magoti akaita, na hapakutokea kitu. Akaita tena, ukapanda upepo wa moto uliobeba vumbi. Mara nyingine walikuja vyura wakavu watatu, wakamtazama, wakaenda zao. Watu walicheka kwa sauti. Mtu wa Nasaba alisema bibi yake Siwatu alikuwa mfuma mikeka, sasa walitegemea nini. Kila alipokosea, Mzee Shekue, aliyekalishwa juu ya jiwe, alisema, "Magoti," au alisema, "Unaomba tena, usiombe." Mwenye karama hupata mara moja kwa siku. Asiye nayo, kumbe, anaweza kukosa kutwa nzima, na sheria haikuwa imelifikiria hilo.

Bwana Kivugo alifika akiwa amevaa joho. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli.

"Siwatu, umekamatwa ukiiba kidato. Kwa mamlaka niliyopewa, nakunyang'anya karama yako ya moto. Kuanzia sasa mkono wako ni mkono tu."

Kicheko kilikatika. Siwatu alitazama kiganja chake, na Bi Zamda aliona uso wake ulivyoanguka, akajuta kwa moyo wote kwamba alikuja nchi ile na midomo yake. Huyu mwanamke alikuwa na kidogo, na sasa hana hata hicho. Siwatu alijifunga kanga upya. Kisha akaligeukia korongo, kwa kuwa hakubakiwa na kitu cha kuogopa kupoteza, akabisha hodi.

Maji yakaja. Hayakuja birikani. Yalikuja kama yaliyomwagwa na mtu mwenye hasira dirishani, machache, machafu, yakamlowesha yeye peke yake kuanzia utosini, mengine yakazama kwenye mchanga. Upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Siwatu alianza kutetemeka, meno yakigongana, akafanya lile ambalo alikuwa akilifanya kila siku ya maisha yake ya utu uzima. Alikusanya vijiti vikavu vilivyokuwa miguuni pake, akaviwekea kiganja, vikawaka.

Hakuwa amefikiri. Alikuwa akisikia baridi tu. Aliota moto ule na kukausha ncha ya kanga mpaka alipoona watu wote wamemkodolea macho na Bwana Kivugo anautazama moto kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake uko wazi.

"Nimekunyang'anya hiyo," akasema Bwana Kivugo.

"Najua," akasema Siwatu, naye akiushangaa. "Nilikusikia."

 Aliyesogea kwanza alikuwa mtu mmoja wa ngazi za chini, yule wa nyuki. Alitazama huku na huku, akaweka mikono mdomoni, akavuma kidogo kwa aibu. Hapakutokea kitu. Akavuma tena. Nyuki mmoja alitoka kwenye nyufa za mwamba, akatua kwenye mkono wake, na mwanamume yule akakaa chini na kulia bila kujificha.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Mfua nguo mmoja alisogea karibu na Siwatu, akauliza magoti yanakunjwa kiasi gani. Wakaja wengine. Mtu wa Nyaraka alikunja magoti kupita kiasi, akashindwa kuinuka, akainuliwa na mtu wa Nasaba, na haikuonekana kuwa aliyeinua amepungukiwa na chochote. Kila mmoja alipata vyura wake wakavu. Walichekana mpaka mbavu zikauma, lakini kicheko kile hakikuwa kama kile cha mwanzo. Alasiri Siwatu alijaza kikombe. Mfua nguo alilowesha kitako cha ndoo. Hayakuwa maji ya kutosha mji, lakini waliofunga mizigo walikuja kuangalia, wakabaki.

Wakati huo ndipo Ngurumo alipotokea. Shimo halikuwa na mlinzi, kwa kuwa foleni yote ilikuwa korongoni, na ngazi za kushukia ni zile zile za kupandia. Kabla ya siku hiyo hakuwa amejaribu kuzipanda. Watu walimpisha. Alisimama mwisho wa mstari kama mtu yeyote, blanketi begani, na zamu yake ilipofika akaita.

Alikuwa na sauti kubwa mno. Mara ya kwanza aliangusha mawe. Mara ya pili Siwatu alimwambia asiyatishe maji, abishe hodi tu. Alikosea kutwa ile. Alikosea na kesho yake, na siku zilizofuata, huku kikombe cha Siwatu kikigeuka ndoo na ndoo ikigeuka robo ya birika, na Mzee Shekue akipiga kelele za magoti kwa furaha ya mtu aliyepata kazi uzeeni. Bwana Kivugo alikuja kila siku, akasimama kando. Alikuwa na maelezo kwa kila kitu. Siwatu alimgusa zimwi kifuani, pengine hiyo ilihesabika. Mfua nguo aliwahi kumwangusha miaka iliyopita, pengine karama ilichelewa njiani.

Kisha asubuhi moja maji yakapanda mwamba mbele ya Ngurumo, membamba kama mkia wa panya, yakaingia kwenye viganja vyake viwili vikubwa na kutulia humo.

Hakuna aliyecheka wala kushangilia. Kila mwenyeji aliyekuwapo alikuwa amemwangusha zimwi yule angalau mara moja. Yeye hakuwa amemwangusha mtu hata mmoja maishani mwake. Ngurumo aliyatazama maji yale kwa muda. Kisha alimwona Bwana Kivugo amesimama juani na joho lake, midomo imempasuka kwa kiu, maana mtungi wake ulikuwa umekauka na hakuwa amekubali kunywa maji ya wizi tangu siku ya kwanza. Akamnyooshea viganja.

Bwana Kivugo aliangalia watu. Akaangalia maji. Akainama akanywa yote, akajifuta mdomo kwa mkono wa joho.

"Yana chumvi kidogo," akasema.

"Kesho yatapungua chumvi," akasema Ngurumo.

Msimamizi wa Vidato hakuondoka. Alisogea karibu zaidi, akashusha sauti ili wengine wasisikie, lakini Bi Zamda alikuwa jirani na masikio yake ni mazima.

"Ulianzaje?"

"Vibaya," Ngurumo akamjibu. "Vua viatu, nikuonyeshe."

Bwana Kivugo akavua viatu.